Deni Alilomtwika Marehemu

Kaka yangu Twaha hajawahi kulipa kitu kwa moyo mweupe. Tangu utotoni, andazi alikula yeye, akachapwa mwingine. Sasa mtu huyo huyo kaomba kazi mjini Gitega, kwenye buro moja, ofisi inayotunza dosiye za siri, yale mafaili ya serikali. Wallahi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kazi ile haitolewi hivi hivi. Kwanza unachunguzwa, na wanauliza sana habari za madeni, maana mtu anayekimbia wadai ni rahisi kununuliwa. Kwenye fomu Twaha akaandika hana deni hata la chumvi. Na pikipiki anayoringa nayo pale mtaa wa Magarama, huko Gitega, aliikopa kwa mzee Bahadurali, mwenye duka hapa Muyinga. Faranga milioni sita, mwaka wa tatu huu, na simu ya mzee wa watu hapokei.

Mchunguzi akaja Muyinga, jina lake Urbano, mtu mpole wa koti la kahawia. Alinikuta kwenye cherehani yangu, akaniuliza kama kaka yangu anadaiwa.

"Muulize mwenyewe," nikamjibu.

"Deni peke yake haiangushi mtu, dada. Hata mi nadaiwa. Naangalia tu kama anasema kweli."

Juma hilohilo baba yetu, mzee Athumani, akafariki. Twaha akafika asubuhi, macho makavu. Hata uso wa baba hajautazama, akanivuta jikoni.

"Zuena, Urbano atakuja kwenye maziko. Imamu akiuliza nani anamdai marehemu, mi nitasema ile deni ya pikipiki ni ya baba, na mi mwanawe naibeba. Itaonekana nimerithi. We nyamaza tu."

"Unambandika maiti deni yako?"

"Maiti hana dosiye."

Nilitamani kumpiga mwiko. Sisi tunajua roho ya mtu huning'inia kwa deni lake. Baba alikuwa fundi aliyemrudishia mteja hata kipande cha kitambaa kilichobaki, halafu leo aende kaburini na milioni sita za watu. Niliona aibu, na nilimchukia kaka yangu kabisa.

Jeneza likawekwa uani. Imamu akauliza. Twaha akasimama, akakohoa, akaanza kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Baba ameacha deni ya milioni sita kwa mzee Bahadurali. Mi mwanawe naibeba." Watu wakamsifu kwa sauti ya chini. Urbano alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Mi nilikuwa ndani na wanawake. Nikainuka nitoke, potelea mbali. Lakini Bahadurali alikuwa ameshasimama, ameegemea fimbo yake.

"Marehemu simdai kitu," akasema. "Na wewe pia sikudai. Mwezi wa Ramadhani baba yako alikuja dukani akalipa pikipiki yote. Aliuza shamba la Butihinda. Akaniapisha nisikwambie, alitaka kuona kama siku moja utakuja kulipa mwenyewe."

Shamba la Butihinda. Sisi alituambia amelikodisha. Kila nikimuuliza kodi iko wapi, alisema mwaka huu mbaya. Hapo ndipo nililia.

Basi ona ujinga wa mtu. Fomu yake ilikuwa ya kweli bila yeye kujua. Angefunga mdomo tu, kazi angepata. Yeye kasimama mbele ya jeneza na mchunguzi, kamzulia baba deni. Urbano alitusaidia kubeba jeneza mpaka makaburini, kisha akarudi Gitega.

Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga. Kaka yangu hata hayo matanga alilipiwa.

Siku ya tatu akaja kwangu, amechana nywele vizuri. Barua ya Gitega ilikuwa imefika, wamemkataa.

"Zuena, nasikia Bahadurali alikuachia risiti. Nipe niwapelekee, waone sina deni."

Nilitoa risiti kwenye droo ya cherehani, nikamwonyesha kwa mbali. Ina jina la Athumani na sahihi yake ya mkono unaotetemeka.

"Hii iko ya baba," nikamwambia. "We yako iko wapi?"