Wenye Mfereji Mmoja

Kadi zilikuwa themanini na sita. Ottilie Brandhuber alizihesabu mara ya nne, na mara ya nne zikagoma kufika themanini na saba. Juu ya kifuniko cha sanduku, mtu aliyekwisha kufa zamani alikuwa ameandika kwa wino: rivalis, kadi 87.

Katika nyumba ile ya kamusi ya Kilatini, pale Bamberg, mtu aliweza kuchelewa kazini, hata kugombana na padri, akasamehewa. Kupoteza kadi hakukuwa na msamaha. Kila kadi ilibeba sentensi moja iliyonakiliwa kwa mkono kutoka kitabu cha kale. Aliyeitoa sandukuni ndiye aliyepaswa kuirudisha, na mwingine akiikuta imezagaa alitakiwa kumripoti mwenzake kwa mkurugenzi siku hiyohiyo. Aliyenyamaza alihesabiwa mkosaji sawasawa na aliyepoteza.

Saa nne, baada ya kahawa, Dokta Mechthild Oberhauser, mkurugenzi, angekuja kuhesabu. Sanduku likitimia, makala ya neno rivalis ingechapishwa katika kamusi na jina la Ottilie chini yake, na nafasi ya kudumu, moja tu iliyokuwapo, ingekuwa yake. Lisipotimia, nafasi ingekwenda kwa Wendelin Rauh wa meza ya pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakiki kila alichoandika Ottilie.

Miezi saba alilala na kuamka na neno hilo. Alijua lilizaliwa na rivus, mfereji wa maji. Alijua mikia yake yote: rivalis akitenda, rivalem akitendwa, rivales wakiwa wengi. Mwanzoni walikuwa majirani tu, wenye kumwagilia mashamba yao kwa mfereji mmoja. Halafu waandishi wa vichekesho wakalichukua, wakawapa wanaume wawili wanaogombea mwanamke mmoja, na ujirani ukaishia hapo. Kadi iliyopotea ndiyo ilikuwa na maneno ya mwanasheria wa Kirumi kuhusu mashamba. Bila hiyo makala haikuwa na miguu.

"Umekisoma tena kile kitabu cha sheria?" Wendelin aliuliza bila kuinua uso.

"Nakijua kwa ghibu."

"Nimeuliza tu, bibi wee. Usinimeze."

Jinsi alivyoichukia sauti ile ya upole! Nani mwingine angefaidika kadi ikipotea? Kufikia saa nne Ottilie alikuwa amekwisha kumhukumu.

Dokta Oberhauser alihesabu polepole, miwani puani. Akahesabu tena.

"Bi Brandhuber, moja iko wapi?"

"Muulize huyo," Ottilie alisema, na sauti yake ikapanda yenyewe. "Ameichukua, Dokta. Nafasi anaitaka, nani asiyejua?"

Wendelin aliitupia jicho rafu ya vitabu. Masikio yalimwiva.

"Bwana Rauh, mwaga mkoba wako."

Aliumwaga mezani. Mkate mweusi, soseji, kitunguu, mwavuli. Mkate ukabingirika hadi sakafuni, naye akapiga magoti kuutafuta chini ya meza.

"Ukiipata ndani ya soseji, Dokta, nibakizie kipande," alisema kutoka huko chini, lakini hakuna aliyecheka.

"Haimo." Dokta alimgeukia Ottilie. "Basi nionyeshe sentensi yenyewe kitabuni, nijue tumepoteza nini."

Ottilie alikwenda rafuni, akawapa mgongo, akafungua kitabu cha sheria. Kadi ilikuwa humo. Wiki tatu zilizopita aliitwa kwenye simu, akaichomeka pale ili asipoteze ukurasa, akasahau kabisa. Kando yake kulikuwa na kikaratasi chenye mwandiko mdogo wa Wendelin:

"Ottilie, nimeikuta Jumatatu nikihakiki. Irudishe kabla ya Alhamisi. Mimi sijaona kitu."

Leo ilikuwa Alhamisi. Aibu ilimshika. Sentensi moja tu kwa Dokta ingemwokoa Wendelin na fedheha ya mkoba, tena nafasi ingekuwa yake toka Jumatatu. Naye Ottilie angeweza sasa kufunga kitabu, au kusoma kikaratasi kwa sauti na kuzama naye.

"Vipi?" Dokta aliuliza.

Ottilie alikikunja kikaratasi kiganjani.

"Kadi imo humu, Dokta. Niliiacha mimi. Wendelin hakujua lolote, nimemsingizia."

Aliirudisha kadi sandukuni kwa mkono wake.

"Ziko themanini na saba," Dokta alisema. "Bwana Rauh, makala utaimalizia wewe. Jina litakuwa lako, na nafasi pia."

Wendelin alisimama, magoti yana vumbi. "Dokta, ngoja kwanza, kuna jambo ambalo mimi..."

"Nyamaza, Wendelin," Ottilie alisema, ngumi yake ikikibana kikaratasi. "Okota mkate wako."