Handaki la Wakwe

Ndege ya Amini haikuwahi kufika Nkoaranga. Kwa watu wengine hilo ni suala la umbali tu. Kwa Mzee Naftali lilikuwa ushahidi kwamba handaki lake linafanya kazi.

Alilichimba mwaka sabini na tisa, wiki ileile aliyorudi kutoka vitani, kabla hata hajaenda kuwatazama ng'ombe wake. Lilipita nyuma ya nyumba katikati ya migomba, kina chake kifuani kwa mtu mzima, upana wa watu wawili wanaopishana kwa adabu. Kila masika mvua za Meru zililijaza tope, na kila masika yakiisha Mzee Naftali alilizoa tope hilo lote. Miaka arobaini na sita. Bwana shamba mmoja aliyekuja kukagua miteremko alilipima kwa kamba, akaandika kwamba ni kinga maji ya kupigiwa mfano, na Mzee Naftali akapewa zawadi ya toroli mbele ya mkutano wa kijiji. Toroli hilo alilitumia kurefusha handaki.

Binti yake, Aika, alikuwa na miaka minne baba aliporudi. Baba aliyeondoka alikuwa anaimba besi kwenye kwaya. Aliyerudi alikuwa na sauti ileile, ila hakuimba tena, alipuliza filimbi. Filimbi ikilia, iwe saa ya chakula, iwe saa ya sala, iwe mtu ana sabuni machoni, watoto walitakiwa wawe chini. Mwanzoni walipewa sekunde thelathini, baadaye ishirini, mwishowe kumi na mbili. Aika alifikia tisa, mdogo wake Ephraimu akiwa mgongoni na kijiko kikiwa bado mdomoni. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo, na wala haikuwahi kutangazwa popote.

Majirani walizoea. Hata mchungaji alizoea, ingawa siku ya kwanza alikuwa anabariki chakula, akafumbua macho kwenye amina, akakuta amewabariki kuku.

Watoto wakakua, wakashuka mjini. Ephraimu akawa fundi magari Sokon One, na kila chumba alichotaka kupanga aliuliza kwanza mlango wa nyuma uko wapi. Kama haupo, hakuuliza kitu kingine. Aika akafungua duka la vitenge Kaloleni, akaheshimika, akaitwa mama. Kasoro yake ilikuwa moja: alilala na viatu. Si kandambili. Raba za kamba, zimefungwa fundo mara mbili. Mwanamume aliyemzalisha alivumilia miezi saba. Alisema mke mkali angemweza, hata mke mchoyo angemweza, lakini kulala na mtu aliyevaa hivyo ni sawa na kulala stendi: huna uhakika ni nani kati yenu ana safari. Mwenye safari akawa yeye.

Aika alibaki na binti, Blessing, na akaapa kwamba mtoto huyo hataisikia filimbi ile. Alimpeleka kwa babu asubuhi, akamrudisha kabla ya jua kuzama, na siku hizo filimbi ilifungiwa kabatini kwa sharti. Kwa hiyo Blessing alikua bila vita. Sasa ana miaka ishirini na sita, anafundisha chekechea, na kijana wa Kibosho anayeitwa Prosper ameleta barua ya posa. Aika alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mtoto huyu aolewe, na akishaolewa abaki ameolewa. Alichokiona kimesimama kati ya ombi lake na Mungu ni lile shimo, maana wakwe wangepokewa kwa babu, nyuma ya nyumba, penye kivuli.

Akapanda Nkoaranga.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Kamba ya kiatu cha kushoto imelegea."

Aika akainama akaikaza kabla hajajua anafanya nini. "Baba, wakwe wanakuja Jumamosi. Naomba lile shimo tulifukie."

"Handaki."

"Handaki, baba. Tulifukie."

Mzee Naftali aliweka chini panga lake la kupunguzia migomba. "Wanakuja wangapi?"

"Kumi na wanne, na mshenga wao."

Mzee akatazama juu, midomo ikichezacheza kama mtu anayepiga hesabu za sadaka. "Basi halitoshi," akasema, akaenda kutafuta sururu.

Aika aliporudi keshokutwa yake, handaki lilikuwa limeongezeka hatua sita. Mwishoni mzee alikuwa amechonga ngazi tatu za udongo, pana, zimepigwa vizuri kwa ubapa wa sepetu.

"Hizo ni za mama mkwe," akaeleza. "Nimesikia ni mwenye mwili."

"Baba! Watu wanakuja kula. Hawaji kupigana."

"Hata wale walikuwa wanakula."

"Kina nani?"

Mzee Naftali alipiga sururu mara mbili kabla ya kujibu. "Ng'ambo ya mto Kagera. Tuliingia kwenye ua wa watu. Saba, wamezunguka sinia, bomu limewakuta hapohapo. Mdogo kabisa alikuwa kama wewe ulivyokuwa. Tonge lilikuwa mkononi." Akapiga tena. "Hawakuwa na hata shimo la taka, Aika. Nilizunguka ua mzima nikitafuta. Hata la taka."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kuhusu vita kwa miaka arobaini na sita. Aika alikuwa amekuja na hoja nne. Alipozinduka alikuwa ameshika sepetu, amefika kiunoni, anapanua kona. Alijikasirikia njia nzima mpaka Kaloleni.

Wakafikia mapatano. Handaki lingefunikwa kwa mabanzi, juu yake majani mabichi ya mgomba, na viti vingepangwa kandokando kana kwamba hapakuwa na kitu. Filimbi ingekaa kwenye pochi ya Aika. Na Mzee Naftali angeapa kwa Biblia kwamba hatanyanyuka kitini.

"Hata mbingu zianguke," akaapa.

"Hata ndege ije?"

Mzee alitazama kwanza angani. "Hata ndege ije."

Jumamosi wakwe walifika, wamependeza, na mbege yao, pombe ya ndizi, kwenye ndoo ya mfuniko. Mshenga alikuwa Mzee Anselimi, ndugu wa marehemu baba yake Prosper, mtu mwenye suti ya rangi ya maziwa na koo la kuhutubia. Mama yake Prosper, Mama Hedwiga, alipewa kiti cha mbele, hatua mbili kutoka kwenye mabanzi. Ni kweli alikuwa mwenye mwili. Kiti kiliitika "karibu" kwa niaba ya wenyeji.

"Wenye mji," akaanza Mzee Anselimi, "sisi tumepotelewa na mbuzi. Tumefuata nyayo kutoka Kibosho, zimeishia hapa kwenu."

"Mbuzi wa rangi gani?" akauliza Ephraimu, aliyekuwa msemaji wa nyumba.

"Maji ya kunde. Ana mwanya."

"Tunaye mmoja, ila amesoma. Anafundisha mbuzi wadogo."

"Huyohuyo!"

"Basi mtalipa majani aliyokula. Amekula kwetu miaka ishirini na sita, na si mchache wa tumbo."

Watu wakacheka, Blessing akainamisha uso kwa aibu ya kupendeza, na Aika akatoka jikoni na bakuli kubwa la loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, moyo wake ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu barua ije. Mzee Naftali alikuwa kitini, mikono juu ya viegemeo, mpole kama mgonjwa.

Hapo ndipo ndege ilipokuja. Haikuwa ya kivita. Ilikuwa kandege ka watalii wanaozungushwa mlima kupiga picha, na rubani, pengine kwa ukarimu tu, aliamua wateja wake waone na migomba. Ikatokea juu ya paa ghafla, chini sana, majani yakalala, turubai la kivuli likapiga kofi.

Aika hakumbuki kuliweka bakuli chini, na suti ya Mzee Anselimi ilithibitisha baadaye kwamba hakuliweka. Hakumbuki kumchukua Mama Hedwiga. Wageni walioona wanasimulia mpaka leo kwamba mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, alimnyanyua mama wa kilo mia moja na ushee kama anayenyanyua mtoto aliyelala, akamtupia begani, akapita naye juu ya viti viwili, na mabanzi yakafunguka kama yaliyokuwa yanamsubiri. Wengine wanasema hakuzitumia hata zile ngazi.

Alipopata akili alikuwa chini, amemlalia mama mkwe wa binti yake, kiganja kikiwa kimemfunika kisogo.

"Mama Blessing," ikasema sauti kutoka udongoni.

"Abee, mama."

"Kuna nini huko juu?"

"Ndege, mama."

"Ee. Na sisi tunafanya nini?"

Aika akageuza kichwa. Pembeni yake Ephraimu alikuwa amechuchumaa na tai yake mdomoni. Na mbele ya Ephraimu, kwenye kona ile aliyoipanua Aika mwenyewe, alikuwapo Blessing. Gauni la posa limekunjwa vizuri chini ya magoti, kichwa katikati ya magoti, vidole masikioni, mdomo wazi ili mlipuko usipasue masikio. Kila kitu mahali pake. Na hakuwa anahema. Alikuwa amewatangulia.

"Blessing," Aika akasema polepole. "Nani alikufundisha kukaa hivyo?"

Blessing akatoa vidole masikioni. "Kukaa vipi?"

"Hivyo."

Binti akajitazama, akashangaa kidogo, kama mtu aliyeambiwa anakoroma. "Si ndivyo unavyokaa wewe chini ya meza ya kukatia vitenge, radi zikipiga? Ukiniita nije, nakuja." Akafikiri. "Halafu ulikuwa unanifunga viatu nikishalala, mama. Nilidhani watoto wote wanafungwa. Nilikuja kujua shule ya bweni kwamba siyo."

Aika alikuwa ameificha filimbi miaka ishirini na sita.

"Huyu kijana wangu anajua kuhusu viatu?" akauliza Mama Hedwiga kutoka chini.

"Anajua, mama," akasema Blessing. "Ananisaidia kufunga."

"Haya."

Juu, mambo yalikuwa yanaharibika. Mzee Anselimi alikuwa amesimama, loshoro inamtiririka kutoka kolani hadi mfukoni, na sauti yake ya kuhutubia ilikuwa imepata hotuba.

"Tumekuja kuposa, tumetekwa! Prosper, chukua ndoo ya mbege. Tunaondoka."

"Baba mdogo, na mama?"

"Na mama, akipatikana!"

"Niko hapa, Anselimi," ikasema sauti ya udongoni. "Sijaumia, kama ulikuwa unakuja kuuliza."

"Shemeji, ukoo huu una kitu! Watu wazima wanazama ardhini kama fuko! Mtoto wetu hawezi kuoa kwenye shimo!"

Aika alisikia kila neno. Ndivyo ndoa ilivyokuwa inakwenda: safari hii si miezi saba, ni saa moja na nusu. Hakuweza kumtazama Blessing. Aliendelea kukishika kisogo cha Mama Hedwiga, maana ndicho alichokuwa nacho.

Mzee Naftali peke yake hakuwa amenyanyuka. Ndege ilikuwa imepita juu yake wima, na alikuwa amekaa kama alivyoapa. Kiegemeo cha kushoto kilikuwa kimeng'oka, bado amekikumbatia. Ilipotoweka kabisa alikiweka kiegemeo chini taratibu, akasimama, akaja ukingoni. Alimtazama Aika. Alimtazama Blessing, magoti, mdomo, vidole. Alimtazama Blessing kwa muda mrefu. Halafu akageuka, akaenda mpakani mwa shamba.

Mpakani kwa watu wa Meru, kama ilivyo kwa Wachaga, hupandwa isale. Mmea huu huonyesha shamba la mtu linaishia wapi, na mtu akikukosea akakuletea jani lake, ugomvi nao unaishia hapo. Huna ruhusa ya kulikataa, hata angekuwa amekuchomea nyumba. Mzee Naftali alichuma moja, refu, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akarudi amelishika kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Alikuwa anaelekea kwenye handaki, kwa binti yake.

Ila njiani alisimama Mzee Anselimi.

Mzee Anselimi aliliona isale. Akaiona mvi iliyoinama. Alikunja uso kama mtu aliyeshikwa begani na baba yake mzazi, akafuta mikono kwenye sehemu ya suti iliyokuwa bado kavu, akalipokea.

"Mzee mwenzangu," akasema kwa sauti nyonge, "hapo umetumaliza. Isale halikataliwi. Prosper, rudisha ndoo. Kaeni, jamani. Yameisha. Sisi na watu hawa ni ndugu."

Vigelegele vikapigwa, kwanza kwa wasiwasi, kisha kwa nguvu. Prosper akaruka ndani ya handaki na viatu vyake vipya, akaenda kuchuchumaa karibu na Blessing, akamuuliza kama mdomo ndivyo unavyofunguliwa.

Mzee Naftali akabaki amesimama na mikono mitupu, akiangalia isale lake linavyopitishwa kwa wazee wa Kibosho walishike mmoja mmoja. Hakuwasahihisha. Alingoja waketi. Kisha akarudi mpakani, akachuma lingine.

Safari hii alishuka kwa zile ngazi tatu, akiegemea ukuta, na alipofika chini akapiga magoti kwenye udongo. Haijapata kuonekana baba akimpelekea mtoto isale. Mila haina hata maneno ya kusema hapo.

"Aika," akasema.

"Abee, baba."

"Filimbi ilikuwa yangu."

Juu mtu aliuliza kama loshoro imebaki. Aika alilitazama lile jani. Alitaka kwanza kumwambia baba yake mambo mengi, na mengine yalikuwa makali, lakini isale halingoji. Alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutumia wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado umemshikilia Mama Hedwiga, na haukuwa tayari kumwachia.