Mwanamke wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, karani wa nyaraka aliweka daftari la meli juu ya mto wa sponji na kulifungua mbele ya muuguzi mstaafu aliyekuja kumtafuta mama wa bibi yake. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mistari kumi na tisa. Kumi na minane ilihusu magunia na mapipa. Wa mwisho ulisema: "Mweusi, mwanamke, miaka ishirini, kovu shavu la kushoto."

"Nadhani ndiye," muuguzi alisema. "Kovu bibi alilikumbuka. Jina hakulijua, walitenganishwa akiwa mdogo mno."

Mwanamke akatoka ukurasani, akajikung'uta vumbi, akavuta kiti. Karani alimweleza kwamba kalamu za wino haziruhusiwi chumbani humo. Hakuwa nazo.

"Shikamoo, bibi," muuguzi alimwamkia.

"Marahaba, kitukuu wangu. Umezeeka."

Walizungumza hadi adhuhuri. Muuguzi alikuwa na maswali ya miaka mingi. Kuhusu kovu, siku zote alidhani ni la mjeledi. Kumbe mwanamke alianguka kutoka juu ya paa akiwa na miaka saba, akikimbizana na dada yake. Dada alicheka kwanza, ndipo akaenda kuita watu. Muuguzi aliandika yote kwa penseli. Mwishowe akauliza jina, na mwanamke akalitaja mara tatu, polepole, ili lisikosewe.

Karani alilipeleka kwa mkuu wa nyaraka, liingizwe kwenye orodha. Mkuu alikuwa mtu muungwana. Alikuja mwenyewe, akasalimia, akaagiza mgeni aletewe kiti chenye mto.

"Kwamba ni yeye, sina shaka," alisema. "Lakini orodha yetu inafuata maandishi. Ana karatasi yoyote yenye jina hilo?"

"Karatasi zote walikuwa nazo wao wenye meli," mwanamke alijibu.

"Basi hapo ndipo tunapokwama."

Mwanamke alipewa kadi ya msomaji, nafasi ya jina ikaachwa wazi. Tangu siku hiyo alifika kila asubuhi, na muuguzi akamfundisha kusoma. Alikuwa mwepesi, ila herufi zenye mikia zilimchosha. Walipitia madaftari mengine ya meli ileile, maana alitaka kujua dada yake alishushwa bandari gani.

Mwezi wa tatu, ukurasa wake ulikuzwa na kutundikwa ukumbini kwa ajili ya maonyesho. Alisimama mbele yake, akafuata maelezo ya chini kwa kidole, silabi kwa silabi.

"'Mwanamke asiyejulikana,'" alisoma. Akamgeukia karani. "Waliniuliza lini?"

Karani alisema hajui, ila ataangalia.

Mwanamke alimshukuru, akarudi mezani kwa muuguzi. Chumba kingefungwa saa kumi, na walikuwa wamebakiza kurasa sita za kumtafuta dada.