Benchi Linaloangalia Mwamba

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na moja Juni, siku Mwenyekiti wa Kamati ya Mlima alipozindua benchi.

Kabla ya hapo, juu kule kwenye mgongo wa mlima, palikuwa na jiwe. Jiwe bapa la kukaa watu wawili wasiochukiana. Nyuma yake mwamba umesimama kama ukuta, mbele yake ardhi imekatika, na chini kabisa ndilo ziwa. Kila mwaka Fundi Bomba na mkewe walipanda, wakakaa pale, wakanywa chai ya chupa, wakashuka. Hawakumwomba mtu kibali. Sasa kiongozi akiona watu wamekaa mahali kwa raha bila yeye kuhusika, usingizi humwisha. Kamati ikakaa vikao, ikala posho, ikaamua kuwaletea wananchi benchi. Jiwe wakalisukuma, likabingirika mpaka ziwani. Vibarua wakapandisha benchi la chuma wakihema kama punda, likafungwa kwa bolti kwenye zege. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa.

Benchi lilikuwa linaangalia mwamba.

Tena si kwa mbali. Ukikaa, magoti yanakaribia kugusa ukuta. Ziwa liko kisogoni.

Wiki iliyofuata mke wa Fundi Bomba, ambaye tayari alikuwa akihema kwa shida, alisema anataka kwenda kuliona ziwa lake. Wakapanda kwa njia ndefu, ile ya mbuzi, wakipumzika kila penye kivuli. Alipofika akakaa, akautazama mwamba, akageuza shingo, akautazama tena mwamba.

"Baba watoto," akasema, "hili limewekwa na mtu mzima?"

Akajaribu kupiga magoti juu ya benchi kama mtoto kwenye kiti cha basi. Magoti yakakataa. Wakashuka ameshika shingo, na kabla mwezi haujaandama akafariki.

Daktari alisema ni moyo.

"Moyo uko chini ya shingo," Fundi Bomba alimwambia. "Nyinyi mmepimia chini. Tatizo lilianzia juu."

Daktari akampa pole, akaita mgonjwa mwingine. Na yeye amewekwa pale na viongozi hao hao.

Fundi Bomba akaenda ofisi ya Kamati, akasimama mbele ya karani, akaomba jambo moja tu: benchi ligeuzwe. Anataka kukaa pale aliangalie ziwa, nafasi ya mkewe ikiwa wazi kushotoni kwake, basi. Karani akamtazama kwa huruma ya watu wenye kiyoyozi.

"Mzee, benchi limeshazinduliwa likiwa vile. Likigeuzwa, itabidi lizinduliwe upya. Na ratiba ya Mwenyekiti imejaa."

Ndipo alipoamua kwenda mwenyewe. Alfajiri alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, anafagia uwanja. Shemeji akaiona spana aliyojifunga mgongoni, spana ya mabomba makubwa, ndefu kama mkono wa mtu.

"Shemeji, unaenda kuufungua mlima?"

"Naenda kufungua ujinga."

"Basi chukua na nyundo, ujinga huwa na kutu. Na angalau nenda na mtu!"

"Mtu wangu nilishaenda naye."

"Ukianguka je?"

"Nikianguka, wataweka benchi pale nilipoangukia."

Shemeji akacheka, kisha akaacha kucheka, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Safari hii hakupita njia ya mbuzi. Alipita ile ya mkato, inayoanzia kwenye bango la Kamati lililoandikwa KARIBUNI MLIMANI na chini yake KUPANDA NI MARUFUKU. Baada ya bango njia inakufa, inabaki mawe. Fundi Bomba akaparamia kwa mikono na miguu, anajaribu jiwe kabla ya kuliamini, kwa sababu mawe nayo yana tabia ya viongozi: moja linaonekana limekaa imara, ukilishika linang'oka lote. Kila akijivuta, spana inamgonga kiunoni kama mke anayemkumbusha jambo mbele ya wageni. Penye ufa akaingiza ngumi, akaning'inia, akamtukana mweka hazina. Palipofuata akamtukana katibu. Alikuwa amejipangia: kila pagumu, mjumbe mmoja. Mlima ukawa mrefu kuliko Kamati, ikabidi aanze upya.

Akatokea juu, kwenye mgongo wenyewe. Upepo ukamshika kofia, akauachia. Palipokuwa pembamba kuliko kitanda cha hospitali alikaa akatanua miguu, moja huku moja kule, akasogea kwa makalio. Ziwa lilikuwa kushoto, anahisi mwanga wake shavuni. Akakataa kuliangalia. Ataliangalia akiwa amekaa vizuri, kama binadamu.

Alipofika kwenye mwamba, benchi lilikuwa na mtu. Mwanamume mzima, sweta limeandikwa ULINZI WA BENCHI, amekaa pua ikielekea ukutani.

"Simama hapo! Unatafuta nini?" Hakugeuza hata kichwa.

"Pa kukaa."

"Kukaa ruhusa. Ila usihamishe kitu."

Fundi Bomba akakaa. Wote wawili wakautazama mwamba.

"Mwanangu, benchi lenyewe nani ataliiba? Atalishusha vipi?"

"Ndiyo maana kazi ni nyepesi, mzee."

"Na ziwa umeliona?"

"Naambiwa lipo."

"Unaambiwa! Si lipo hapo nyuma yako?"

"Nikigeuza kichwa tu dunia inazunguka. Urefu siuwezi. Kuja napita njia ya mbuzi, mkono mmoja nimeshika mwamba. Ukoo wetu wote ndivyo tulivyo, ila mjomba amezidi. Siku ya uzinduzi tulimleta amefungwa kitambaa machoni. Na kabla ya hapo alishaagiza benchi liangalie ukuta. Nani angebisha?"

"Mjomba ndiye nani?"

"Si ndiye Mwenyekiti mwenyewe!"

Muda wote Fundi Bomba alikuwa amejiandaa kupambana na uovu, labda wizi, labda njama. Kumbe kizunguzungu.

"Yaani mtu anayeogopa urefu ndiye aliyepewa mlima."

"Nafasi ndiyo iliyokuwepo, mzee."

"Na anayeogopa maji mmempa nini?"

"Huyo ni binamu yangu. Yuko idara ya maji."

Fundi Bomba akafungua spana mgongoni. Akamweleza habari ya mkewe, na shingo, na jiwe lililozama. Mlinzi akasikiliza, akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Pole sana, mzee. Ila kazi yangu ni kuona kwamba benchi haliguswi." Akafikiri. "Nikifumba macho, sijaona."

Akayafumba. Fundi Bomba akapiga magoti, akafungua bolti moja baada ya nyingine, zikilia kama mbuzi. Benchi likawa zito kwa mtu mmoja, basi Mlinzi akashika upande wa pili, macho yamefumbwa vilevile.

"Sogea kushoto. Kushoto! Siyo huko, huko ni ziwani!"

"Usilitaje, mzee!"

Waligeuza, wakasukuma, matundu yakakutana na matundu, bolti zikarudi. Mlinzi akajitupa kwenye benchi.

"Mzee, nimekaa?"

"Umekaa."

"Nimeelekea wapi?"

Upepo ukampiga usoni, akaelewa. Akapiga ukelele, akakumbatia mkono wa benchi kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekaa kushoto.

"Inuka hapo, mwanangu. Hapo pana mtu."

"Nikiinuka naenda mbele, mzee. Naapa naenda mbele!"

Alimvuta, hakung'oka. Mwishowe Fundi Bomba akakaa upande wake wa kulia, kama siku zote, akainua macho.

Lilikuwepo. Kijani kilichokolea pembeni, katikati jeusi, kivuli cha mlima kimelala juu yake. Ng'ambo, kijito kinashuka cheupe kwenye mawe. Kuna kisiwa kimoja chenye mti mmoja.

"Mzee," Mlinzi akasema, kope zimebanwa, "ukitafuta kitu kimoja ukikikazia macho, kizunguzungu kinapungua. Marehemu mama alikuwa anakaa hapa nilipo?"

"Hapo hapo."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Basi atakuwa alikuwa na kitu chake cha kuangalia. Nielekeze, nifumbue macho hapo hapo, nisipotee."

Fundi Bomba alifungua mdomo. Kijito? Kisiwa? Miaka yote ile alikuwa pembeni yake, anamweleza kuhusu barabara, na zahanati isiyo na dawa, na nani kala nini, na mkewe akiitikia "mh", uso ameuelekeza huko. Aliikumbuka mikono yake imezunguka kikombe. Aliikumbuka ile "mh". Macho yake yalikokuwa yameelekea, hakuwahi kumuuliza.

"Mzee?"

"Ngoja."

"Mikono inachoka, mzee. Mama alikuwa anaangalia wapi?"