Akina Mama Waliokalia Viti vya Moyo

Niliota usiku wa jana kwamba moyo wangu ni fundi cherehani kama mimi, na ana kibanda chake humu kifuani. Mchana nilikuwa nimeamua kuacha dawa ya presha, ile beta-bloka, bila kumwambia daktari. Nilijiona nimepona.

Kibandani kuna viti vitatu, na kila kimoja kimekaliwa na mama mnene mwenye kitenge cheupe.

"Mnangoja nguo?" nauliza.

"Hapana. Sisi ni vidonge vyako. Kazi yetu kukaa."

"Kukaa tu?"

"Jaribu wewe, mama, siku nzima."

Anaingia Adrenalini, homoni ya hofu, tarishi mwenye tai, jasho likimtiririka. "Moyo, kanyaga! Kuna mbwa! Kuna mteja mkali! Wifi amepiga simu!"

"Humu asiyekaa hasikilizwi," anajibu Moyo.

Adrenalini anatafuta kiti, hapati. Moyo anaendelea kukanyaga cherehani taratibu, kwa nguvu ya kiasi, na bomba la damu lililovimba ukutani linalegea.

"Asanteni," nawaambia akina mama. "Nimepona. Nendeni."

Wanatazamana. "Wote kwa mpigo? Daktari hutupunguza kidogo kidogo."

"Wote."

Wanainuka. Adrenalini anakalia viti vyote vitatu kwa wakati mmoja. "Kanyaga!"

Moyo anakanyaga mpaka sindano haionekani. Bomba linavimba, linakuwa nene kama ng'ombe. Ukuta unapasuka.

"Salome," anasema Moyo kwa adabu, bila kugeuka, "nikikatika mimi, nani atanishona?"

Natoka mbio. Nje ni posta ya Iringa, na akina mama wamepanga foleni dirishani.

"Mama zangu, nimekosa. Rudini!"

"Leo anaingia mmoja," anasema mkubwa wao. "Dozi ni dozi, usitulundike. Maji yako wapi?"

Naleta maji. Anavua viatu, anaviweka pembeni, anaingia mdomoni mwangu akisema, "Hodi."

Nikaamka asubuhi, nikameza kidonge kabla hata ya kunawa uso.

Baba Neema, mume wangu, akanitazama. "Gauni umelishona saa ngapi?"

Nikainamisha kichwa. Upande wa kushoto wa gauni la kulalia, palipochanika tangu Pasaka, pameshonwa vizuri. Mishono imepangana, yote sawasawa, ya mtu asiye na haraka.

Mimi hushona kwa pupa. Mtaa mzima unajua.