Fito Nyekundu za Dirishani kwa Orrin

Arlys Tveit alirudi kutoka duka la dawa, akasimama kwenye theluji na mfuko mkononi, akitazama kwa kinyaa. Vichaka vyake vinne vya dogwudi, mmea wa fito nyekundu wakati wa baridi, aina fupi aliyoichagua ili isizibe dirisha, vilikuwa vimenyolewa. Fito zote nyekundu hazipo. Yalibaki mashina ya kijivu, yamechanwachanwa kwa mkasi butu, mengine yananing'inia kwa gome tu.

Kila Machi, kabla majani hayajatoka, Arlys alipiga magoti hapo akaondoa theluthi ya mashina makongwe hadi chini kabisa, kwa sababu tawi changa ndilo linalokuwa jekundu. Mwaka huu kitanda cha mumewe, Orrin, kilisogezwa dirishani, na daktari alisema hataishi hadi masika, theluji itakapoyeyuka. Katika miezi ya weupe mtupu, wekundu ule ndio pekee aliobakiwa nao wa kutazama.

"Nani kafanya uchafu ule?" aliuliza alipoingia.

"LaVonne," Orrin alisema kwa pumzi fupi. "Dada yangu aligonga kioo akaniuliza kama ni sawa akate fito za vyungu vya kanisa. Nikamwambia sawa tu."

Sawa tu! Ukoo huu ungemsaidia mwizi kubeba televisheni. Arlys hakuvua hata koti, akaenda moja kwa moja kanisani.

Katika ukumbi wa chini wa kanisa, LaVonne na wenzake walikuwa wakipanga vyungu vya Krismasi vya kuuza: matawi ya msonobari, riboni, na fito za Arlys. Nyingine zilikuwa zimenyunyiziwa unga wa kumetameta. Arlys alitamani kutema mate.

"Wifi, karibu kahawa," LaVonne alisema. "Nimekupunguzia kazi ya kupogoa."

"Hiyo unaiita kupogoa? Panya angekata vizuri zaidi."

Wanawake wengine wakainamia vikombe vyao.

"Jamani, si zitachipua? Mwakani zitakuwa nyekundu kuliko hizi," LaVonne alisema.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia kinyaa zaidi. "Mwakani kaka yako hatakuwepo, LaVonne. Daktari alituambia tangu Septemba. Hafiki masika."

LaVonne aliweka riboni mezani. "Septemba? Kila Jumapili nakuuliza, Arlys, pale mlangoni pa kanisa. Unaniambia anaendelea vizuri."

Ni kweli Arlys alisema hivyo, kila Jumapili, huku akitabasamu na kupokea sahani ya biskuti. Sasa kinyaa kilimgeukia mwenyewe, na kilikuwa kikali kuliko kile alichokuja nacho.

LaVonne alikuwa ameshaanza kuchomoa fito, chungu baada ya chungu, akifuta ule unga kwa sketi yake. Hakumtazama wifi yake.

"Shika hizi," alisema. "Ardhi imeganda, itabidi kutoboa mashimo kwa mtaimbo chini ya dirisha lake. Lakini nitazichomeka mimi, Arlys. Wewe kaa ndani naye, umwambie ni mimi niko pale nje."