Kikombe cha Salfa

Kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni, kikazunguka sakafuni mpaka kikatulia. Jerusa akaruka kutoka kitandani. Kumbe ni paka tu aliyekiangusha, lakini usingizi haukurudi.

Tangu akabidhiwe kazi ya mashine ya kukorogea wiki iliyopita, soli zake zilikuwa zinapasuka. Katika karakana ndogo ya Nicholas pale Kedowa, aliyeyusha plastiki ya mitungi mikuukuu, akatia mpira mbichi, mafuta, na mwisho salfa, ule unga wa manjano unaokomaza mpira. Mchanganyiko ukabanwa kuwa soli za gambuti za wachuma chai. Ukizikunja, zilikatika kama biskuti. Na leo saa nne Chepkirui angekuja kuzijaribu kwa niaba ya wachumaji arobaini wa Kimulot.

"Zikipasuka mbele yake, Mama Molly," Nicholas alimwambia Jerusa jana bila kumwangalia, "itabidi nitafute mtu mwingine."

Jerusa alinawa uso mara mbili. Akafunga mlango, akaenda hatua kumi, akarudi kuhakikisha ameufunga. Kisha akaelekea kwa mzee Ogada, aliyeishi nyuma ya posho mill. Yeye ndiye aliyeshika mashine ile miaka mingi kabla mguu haujamlaza.

"Jaduong'," Jerusa akamwita mzee kwa Kijaluo, "nisamehe, hata hakujapambazuka."

"Mimi na huu mguu tunaamka kabla ya jogoo. Keti." Akamsukumia kiti chake cha pekee, mwenyewe akakaa kitandani. "Umekonda, ama ni giza?"

"Ni soli. Zinapasuka."

"Umebadilisha vipimo?"

"Hapana! Salfa kikombe kimoja, kama ulivyoniandikia."

Ogada akampa kikombe na mkebe wa unga wa ugali. "Nipimie."

Jerusa akachota, akarundika mpaka unga ukafanya kichuguu. Kisha akachukua kiganja kingine, akakiweka juu taratibu, akikinga kwa mkono usimwagike.

"Hicho cha juu ni cha nani?"

"Si nyongeza?" Alishangaa kuulizwa. Alikuwa ameuza mahindi na omena sokoni miaka kumi na saba. "Mtu hapimiwi bapa, jaduong'. Huo ni uchoyo."

Ogada alicheka mpaka akaushika mguu wake. "Mashine si mteja, nyathina, mwanangu!" Kisha akavuta nyuzi mbili tatu kutoka kwenye blanketi lake. "Angalia. Mpira ni nyuzi kama hizi. Salfa inazifunga mafundo. Mafundo ya kiasi, ukivuta zinarudi. Ukizidisha, zinakuwa ubao. Plastiki tayari ni ngumu. Mpira ndio unaoifanya ikunjike, na wewe unaukaza kwa roho yako nzuri."

Akapitisha mgongo wa kisu juu ya kikombe. Unga wa ziada ukaanguka mkebeni. "Hivyo."

Karakanani Jerusa alipima bapa. Mkono ulimwasha kuongeza. Akaufuta kwenye leso. Soli ya kwanza ilipotoka, Nicholas alitaka kuikunja papo hapo.

"Ngoja ipoe, tafadhali."

Jerusa alienda mlangoni, akarudi, akaigusa, akaenda tena mlangoni. Soli ilikuwa bado vuguvugu Chepkirui alipoingia, mapema kuliko saa yake. Akaichukua bila maneno mengi, akakunja kisigino mpaka kidoleni, akaiachia. Ikarudi ilivyokuwa. Akakunja tena, mara sita, kisha akaisogeza dirishani atafute ufa.

"Hii inaweza kupanda kilima," akasema. "Nani amekoroga?"

"Mimi," Jerusa akasema kabla Nicholas hajajibu. "Na zile zilizopasuka ni mimi pia. Nilikuwa naongezea salfa, kama napimia mtu mahindi."

Chepkirui ndiye aliyecheka kwanza. "Woi! Laiti ningekujua ulipokuwa ukiuza mahindi!"

"Mama Molly," Nicholas akasema hatimaye, "kesho saa moja. Tuna jozi arobaini."

Saa ya chakula Jerusa alimpelekea Ogada soli moja. Mzee aliikunja, akainusa, akaikunja tena, wala hakumrudishia.

"Baridi ikizidi, ongeza mafuta kidogo. Kidogo!"

"Nimesikia, jaduong'."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti ya mzee, safari hii ya chini.

"Keshokutwa utapita? Hata kama huna la kuniuliza kuhusu soli. Pita tu."